Namna ya Kuuzoeza Mtaa Kutenganisha Taka Bila Kuhubiri

Muulize mama yeyote wa Majengo, Pasua au Njoro mjini Moshi madhara ya kutupa taka mferejini. Atakueleza habari za mbu, za kipindupindu, na za maji machafu yanayorudi uani siku ya mvua kubwa. Jioni ileile maganda ya ndizi, chupa ya soda na pampasi ya mtoto vitaingia kiroba kimoja. Ukimwitia semina nyingine unampotezea muda, maana elimu anayo. Kinachouongoza mkono wake saa kumi na mbili jioni ni mambo mengine kabisa: ndoo iko wapi, jirani anafanya nini, jana yeye mwenyewe alifanya nini, na kama kuhangaika kwake kuna mahali kunafika.

Mwongozo huu ni wa balozi wa nyumba kumi, kamati ya usafi ya mtaa, kikundi cha kikoba, au hata mpangaji mmoja aliyechoka kuona uani pananuka. Umeandikwa kwa kuangalia Moshi, lakini mtu wa Unga Limited au Kaloleni kule Arusha ataukuta unamfaa bila kubadili mengi. Hesabu zake ni za nyumba 30 hivi. Zikizidi hapo, gawanya mtaa.

Chagua tendo moja

Kutunza mazingira si tendo. Hakuna mtu anayesimama jikoni akalifanya. Hata kutenganisha taka bado ni pana mno, kwa sababu kila mtu ataelewa lake. Anza na hili: maganda na mabaki ya chakula yaingie ndoo yenye mfuniko, yakiwa peke yake, kila siku. Usiongeze lingine kwa wiki kumi za mwanzo.

Kwa nini hili? Jiko la Moshi ni jiko la ndizi. Mtori, machalari, kiburu, vyote vinaanza kwa kumenya, na maganda ndiyo sehemu nzito na yenye maji ya kiroba cha taka. Ukiyatoa, kinachobaki ni kikavu, hakinuki, hakivuti nzi, na chupa zilizomo zinakuwa safi kiasi cha kumvutia mnunuzi. Tendo moja linarahisisha mengine matatu yanayolifuata.

Halafu si jambo geni hapa. Katika kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba kule mlimani, maganda huenda kwa ng'ombe wa ndani, samadi hurudi kwenye migomba, na majani ya migomba hutandazwa chini ya ng'ombe. Watu wengi wa mjini wamekulia humo, Kibosho, Machame, Marangu au Old Moshi, na mikono yao inaijua kazi hii tangu utotoni. Mkumbushe mtu anachokijua, atakisikiliza kwa urahisi kuliko fundisho jipya. Tahadhari moja tu: usiseme ni desturi ya Wachagga. Nyumba ya jirani ni ya Mpare, ya pili ni ya Mrangi, ya tatu ni ya Mmasai, nao watasikia kwamba hawahusiki. Sema ni desturi ya watu wa mlimani na wa mji huu. Sifa ya Moshi ya kuwa mji msafi ni ya wote wanaoishi humo.

Kabla ya ndoo, tafuta taka zitakwenda wapi

Hapa ndipo juhudi nyingi hufia. Watu wanatenganisha wiki mbili kwa moyo, kisha siku ya kuzoa guta linakuja, kijana anashika ndoo ya maganda na kiroba cha chupa, anavimwaga pamoja mbele ya macho yao. Kuanzia siku hiyo huna mtaa. Kazi ambayo matokeo yake hayaonekani watu huiacha haraka, na kazi ambayo matokeo yake yameharibiwa wakiona huiacha kwa hasira. Kuwarudisha ni kazi ngumu mara nyingi kuliko kuwaanzisha. Kwa hiyo usigawe hata ndoo moja kabla hujapata mahali pa kupeleka maganda.

Njia ya kwanza ni mfugaji. Mtafute mwenye ng'ombe, mbuzi au nguruwe ndani ya umbali ambao mtoto anaweza kubeba ndoo. Kubaliana naye mambo matatu kwa sauti: siku, saa, na nani anabeba. Mtindo unaodumu ni wa kubadilishana ndoo: iliyojaa inaingia kwake, tupu iliyooshwa inatoka. Maganda yawe ya siku hiyo. Plastiki isiwemo hata kipande, kwa sababu inakwama tumboni mwa ng'ombe, chakula hakipiti, na mnyama anadhoofika hadi kufa. Hoja hii ina nguvu kuliko mabango yote ya mazingira, kwa sababu ng'ombe huyo ana mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Mabaki ya nyama yasiende kabisa kwa mfugaji wa nguruwe, kwa kuwa mabaki ya nyama ya nguruwe yanaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba.

Fanya hesabu mapema. Azima mizani ya kuning'iniza, pima ndoo za nyumba tano kwa siku tatu, tafuta wastani. Tuseme umepata kilo 2 kwa nyumba. Nyumba 30 zitatoa kilo 60 kwa siku, na mwenye ng'ombe wawili hawezi kuzimaliza, kwa sababu maganda hayawezi kuwa chakula chote cha ng'ombe. Utahitaji wafugaji watatu au wanne, au shimo la mboji pembeni.

Mboji yenyewe haitaki maelezo marefu. Lundo liwe na upana, urefu na kimo cha mita 1 kila upande. Likiwa dogo kuliko hapo halipati joto. Kwa kila ndoo ya maganda weka ndoo mbili hadi tatu za vitu vikavu, yaani majani makavu, nyasi au vumbi la mbao. Geuza kila wiki mbili. Shika konzi moja ukamue: yakitoka matone mengi ongeza kavu, likivunjika kama vumbi nyunyiza maji. Likinuka, majirani watakuwa wamepata sababu ya kuacha, na sababu hiyo itakuwa halali. Weka akiba ya viroba kadhaa vya majani makavu kabla ya Machi, maana masika ikishaanza majani makavu hayapatikani.

Hesabu wiki nzima bila kusema neno

Kabla ya kutangaza chochote, pita siku za kuzoa taka kwa wiki moja na daftari. Andika nyumba ngapi zimeweka maganda peke yake. Kama ni 2 kati ya 30, andika 2. Usiwaulize watu kama wanatenganisha, kwa sababu mgeni akipiga hodi na kuuliza hivyo, adabu inataka ajibiwe ndiyo. Mdomo unakaribisha mgeni, ndoo ndiyo inayosema kweli. Namba hii ya mwanzo utaihitaji mara mbili: kujua kama kazi yako inaleta kitu, na kuandika tangazo ambalo hakuna atakayelibishia.

Wiki hiyohiyo chunguza kila nyumba inakwama wapi. Susan Michie na wenzake wa Uingereza walipendekeza mwaka 2011 kwamba tendo lolote la mtu linahitaji vitu vitatu: uwezo, nafasi, na msukumo. Yageuze yawe maswali. Anaweza? Ana kifaa, muda na mahali? Anataka? Kosa la kamati nyingi ni kurukia swali la tatu na kumwona mtu mvivu, wakati tatizo lipo la pili. Nyumba haina ndoo ya ziada. Ndoo ipo lakini mfuniko umepasuka. Mfuniko upo lakini mbwa wa jirani anaiangusha usiku.

Angalia pia ni mkono wa nani unaomenya. Mkutano wa mtaa huhudhuriwa na baba mwenye nyumba. Maganda yanashikwa na dada wa kazi, na kiroba kinabebwa na mtoto wa darasa la nne. Ukizungumza na baba peke yake, umezungumza na mtu ambaye hajashika ganda tangu mwaka uanze. Mtu wa kuongea naye ni yule mwenye kisu.

Ndoo na mahali pake

Ndoo ya lita 10 inatosha familia ya watu watano kwa siku moja. Mfuniko ubane. Chini tandika majani makavu au gazeti, kina cha vidole viwili, linywe maji ya maganda. Ukishaweka maganda nyunyiza jivu konzi moja, hupunguza nzi na harufu. Mwaga kila siku na uisuuze. Ikivuka siku mbili utaona funza, na mwenye nyumba akiona funza mara moja ndoo inatolewa uani.

Mahali ni muhimu kuliko rangi ya ndoo. Nyumba nyingi zinamenyea uani, juu ya kigoda, karibu na bomba. Ndoo ikae hapo, umbali wa mkono. Ikikaa jikoni, maganda yatasafiri hatua kumi, na siku ya haraka hayatasafiri. Kisha fanya kinyume kwa kile cha zamani: kiroba cha taka zote kisogeze mbali, nyuma ya choo au karibu na geti. Mtu hufuata kilicho karibu bila kufikiri, nawe unataka asifikiri. Kiroba cha chupa na makopo kitundike kwenye msumari kikiwa wazi mdomo, ili kutupia kusihitaji mikono miwili. Pampasi, viwembe na vioo vilivyovunjika vibaki kwenye chombo chao chenye mfuniko, mbali na watoto.

Kuna mtu atashauri ndoo zinunuliwe mpya, rangi tatu, zenye maandishi. Tungesita. Ndoo nzuri hugeuka ya kuogea ndani ya wiki moja. Ndoo ya rangi ya ukutani iliyooshwa vizuri na kupakwa mstari mmoja wa kijani hakuna atakayeitamani kwa kazi nyingine. Ioshe hadi harufu ya rangi iishe, maana mnyama atakula kilichotoka humo.

Mkumbo

Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wahenga walilisema, na wataalamu wa saikolojia wamelipima. Robert Cialdini na wenzake waliweka mabango katika hifadhi ya Petrified Forest, jimbo la Arizona, Marekani, ambako wageni huiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Bango lililosema wageni wengi waliopita wamechukua vipande na kuiharibu hifadhi lilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande vilivyowekwa alama. Bango lililoomba tu watu wasichukue lilifuatiwa na wizi wa chini ya asilimia 2. Pasipo bango lolote wizi ulikuwa karibu asilimia 3. Bango la kwanza lilikuwa baya kuliko kukaa kimya.

Sasa sikiliza tangazo la kawaida la mtaani: wananchi wengi wanatupa taka ovyo, tunaomba waache. Sikio linachukua yale maneno mawili, wananchi wengi. Anayetupa anajikuta yuko na wenzake, na asiyetupa anajiona mjinga. Futa sentensi za namna hiyo kwenye vipeperushi, kwenye spika ya gari, na kwenye hotuba ya mwenyekiti. Kama tatizo ni kubwa, lizungumzeni ndani ya kamati.

Je, kama ni kweli wengi hawafanyi? Usidanganye, kwa kuwa mtaa unajua. Sema mwendo badala ya idadi. Gregg Sparkman na Gregory Walton walijaribu hili Marekani na kulichapisha mwaka 2017. Wateja waliokuwa kwenye foleni ya chakula walisoma maelezo kuhusu kupunguza nyama. Walioelezwa kwamba baadhi ya watu hula nyama kidogo, asilimia 17 waliagiza chakula kisicho na nyama. Walioelezwa kwamba baadhi ya watu wameanza kuipunguza, asilimia 34. Watu hupenda kufika mahali ambapo wenzao wanaelekea. Basi toa daftari lako uandike ubaoni kwa balozi: wiki ya kwanza nyumba 2, wiki ya tatu nyumba 9, wiki hii nyumba 13. Siku nyumba zitakapovuka 15 kati ya 30, badilisha maneno: nyumba nyingi za mtaa huu zinatenganisha. Hapo mkumbo unakufanyia kazi wewe.

Ardhi yenyewe pia inasema. Katika jaribio la Cialdini na wenzake la mwaka 1990, watu walikuta karatasi ya tangazo kwenye kioo cha gari lao, ndani ya jengo la kuegeshea. Palipokuwa safi, asilimia 14 waliitupa chini. Palipokuwa pamechafuliwa, asilimia 32. Karatasi ni zilezile, pipa halipo kote kuwili, tofauti ni sakafu tu. Kwa hiyo usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi una matumizi makubwa kuliko tunavyoutumia. Wengi wanauona kama kazi inayojitegemea, na mfereji unarudi ulivyokuwa kabla ya Jumatano. Ufanye uwe siku ya kuandaa: Jumamosi msaragambo wa kuzibua mfereji na kufagia, Jumapili mchana ndoo zinagawiwa, Jumatatu asubuhi mfugaji anakuja. Mtu wa kwanza kutaka kutupa atakuta pasafi, na mkono utasita.

Nani aseme, na aanzeje

Vipeperushi havina nguvu ya jirani. Shawn Burn alilionyesha hili kwa taka za kurejeleza huko California mwaka 1991: nyumba zilizofuatwa na jirani wa mtaa uleule aliyekuwa tayari anatenganisha zilishiriki zaidi ya zile zilizoachiwa karatasi mlangoni. Hapa kwetu chagua wawili au watatu ambao tayari wanafanya, wenye maisha ya kawaida. Mwenye nyumba ya geti na mfanyakazi wa bustani asitumwe kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba sita, kwa sababu jibu litakuwa mwenzetu ana nafasi.

Namna ya kuanza ni kuuliza, ukiwa umesimama mlangoni, saa za kupika. Binti wa kamati akimfuata mama mtu mzima, mazungumzo yaende hivi:

– Hodi! Shikamoo mama.

– Marahaba mwanangu, karibu.

– Asante mama, sikai. Naona leo ndizi ni nyingi. Maganda mnampa nani?

– Nani ayatake? Yanaenda na taka.

– Mzee wa mbuzi pale nyuma anayatafuta. Nikuachie ndoo hii mpaka Jumamosi, uone kama inafaa? Isipofaa naichukua.

Hakuna neno mazingira humo. Amepewa ombi dogo, lenye mwisho, na njia ya kutoka bila aibu. Ombi dogo hufungua mlango wa kubwa. Mwaka 1966 Jonathan Freedman na Scott Fraser waliwaomba watu wa California waweke bango kubwa, baya la kutazama, mbele ya nyumba zao, la kuhimiza uendeshaji wa uangalifu. Chini ya asilimia 17 walikubali. Miongoni mwa waliokuwa wamekubali wiki mbili kabla kibandiko kidogo cha ujumbe huohuo, asilimia 76 walikubali. Mtu akishafanya kidogo kwa hiari huanza kujihesabu miongoni mwa wanaofanya.

Siku hiyo ya Jumamosi rudi, kama ulivyosema. Ukichelewa umevunja ahadi kabla yake. Akiridhika, muulize atayaweka saa ngapi na baada ya kufanya nini, na uandike maneno yake mwenyewe kwenye kadi ya kubandika karibu na bomba. Mfano: nikimaliza kumenya, kabla sijaosha kisu, maganda yanaingia ndoo. Peter Gollwitzer ameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio maalumu hutekelezwa zaidi ya nia tupu, kwa sababu tukio lenyewe linakumbusha. Kisu mkononi ndicho kengele. Kadi iandikwe na mhusika, kwa hiari, na ionekane na wapitao. Ukiileta imeshachapwa na kumwomba atie sahihi, umeleta fomu, na fomu watu huzijaza ili mgeni aondoke.

Faini na zawadi

Kamati ikikwama hukimbilia faini. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifuatilia vituo 10 vya kulea watoto huko Haifa, Israeli, na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Vituo 6 viliweka faini ndogo kwa mzazi anayechelewa kumchukua mtoto. Kuchelewa kukaongezeka karibu mara mbili, na faini ilipoondolewa hakukushuka. Wazazi walikuwa wakimwonea haya mwalimu, faini ikageuza haya kuwa bei. Faini ya shilingi 2,000 uani kwenu itafanya hivyohivyo: mwenye 2,000 atalipa na kutupa akiwa na amani. Faini za halmashauri ni jambo jingine, zina sheria ndogo na askari nyuma yake. Ninyi majirani mna kitu ambacho halmashauri haina, yaani kuonana kila siku, na hiki kisibadilishwe kwa noti.

Zawadi nayo iwe ya pamoja na isitangazwe mapema sana. Fedha ya chupa na makopo iingie mfuko wa mtaa, isomwe kila mwezi mbele ya watu, inunue kitu kinachoonekana: koleo, taa ya njia, kifuniko cha mfereji. Mweka hazina asiposoma hesabu mwezi mmoja, maneno yataanza mwezi wa pili.

Umeme wa mita moja

Kwa nyumba za kupanga, wiki kumi zikipita vizuri, tendo la pili linalofaa ni umeme, na hapa kuna mitego miwili ya akili.

Wa kwanza ni kupima kwa macho. Mtu huzima taa kwa sababu taa inaonekana. Shahzeen Attari na wenzake waliwauliza Wamarekani 505, wakachapisha mwaka 2010: wengi walitaja kuzima vitu kama taa kuwa njia bora ya kuokoa nishati, na walikadiria matumizi ya vifaa vikubwa chini ya ukweli. Fanya hesabu mbele ya wapangaji. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka usiku kucha, saa 12, inakula takriban uniti 0.1. Shawa ya umeme ya wati 5,000 ikitumika dakika 12 inakula uniti 1, sawa na taa hiyo kwa usiku 9. Juni na Julai, baridi ya mlimani inaposhuka mjini, ugomvi wa taa ya uani ni ugomvi wa senti. Kuoga kwa ndoo ni tofauti: lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 45 zinahitaji kama uniti 0.6. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva upesi, kwa gesi, mkaa au umeme.

Mtego wa pili ni mita yenyewe. Vyumba sita vinachanga sawasawa, basi anayebana hapati chochote na anayetumia ovyo analipiwa na wenzake. Usiwalaumu, mpango umewafundisha hivyo. Tena wote pamoja wanaruka kwa urahisi uniti 75 za mwezi ambazo ndizo mpaka wa matumizi madogo ya nyumbani, na bei ya uniti inapanda. Mwombeni mwenye nyumba aruhusu mita ndogo kwa kila chumba, ifungwe na fundi mwenye leseni. Someni kila Jumapili jioni, andikeni kwenye daftari moja, kila mtu achange kwa alichosoma. Taa ya uani na ya choo gawaneni sawa.

Mkibandika matumizi ya kila chumba ukutani, angalieni jambo moja. Huko San Marcos, California, nyumba karibu 300 ziliambiwa matumizi yao na wastani wa majirani, utafiti ukachapishwa mwaka 2007. Waliokuwa juu ya wastani walipunguza. Waliokuwa chini yake wakaongeza, wakijisikia wana nafasi. Walipochorewa uso unaotabasamu pembeni ya namba yao hawakuongeza tena. Kwa hiyo mwenye uniti chache apewe alama ya pongezi hapohapo, hata neno hongera kwa kalamu nyekundu.

Wiki kumi na siku za kuanguka

Phillippa Lally na wenzake wa London walichapisha mwaka 2010 kwamba tendo jipya la kila siku lilihitaji karibu siku 66 kwa mtu wa katikati kabla halijawa la kujiendea, na kwamba watu walitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu. Hii ndiyo sababu ya wiki kumi, na ndiyo sababu kampeni ya wikiendi moja haiachi kitu. Pita kila wiki kwa wiki nne za mwanzo, kisha kila wiki mbili. Aliyeruka siku tatu usimkumbushe kosa, muulize ndoo ina shida gani. Mara nyingi utaambiwa mfuniko.

Usianze Desemba. Mji unajaa ndugu wanaorudi kwa Krismasi, jiko linashikwa na mikono mingine, maganda yanaongezeka mara kadhaa, na kadi ya karibu na bomba haisomwi na mgeni. Kama mmeshaanza, ongezeni ndoo ya pili kwa kila nyumba yenye wageni na mwambieni mfugaji mapema. Kuanza kunafaa mwishoni mwa Januari, wageni wameondoka na watoto wameshazoea ratiba ya shule. Wiki kumi zitaisha masika ikiwa imeshika lakini mazoea yakiwa na mizizi.

Mpangaji mpya anastahili haraka ya pekee. Bas Verplanken na Deborah Roy waligundua Uingereza, kwa watu 800, utafiti wa mwaka 2016, kwamba ushawishi wa kubadili mazoea ulishika zaidi kwa waliohamia nyumba mpya ndani ya miezi mitatu. Mazoea ya zamani yamebaki kule alikotoka, mapya hayajajipanga. Mpelekee ndoo siku anashusha godoro, umwonyeshe bomba, umwonyeshe njia ya kwa mzee wa mbuzi. Ukingoja mwezi, atakuwa ameshatundika kiroba chake nyuma ya mlango.

Mwisho wa wiki ya kumi hesabu tena kama mwanzo, kimya, kwa ndoo na si kwa maswali. Nyumba tatu au nne hazitakuwa zimeingia. Ziacheni kwa sasa. Mfugaji aendelee kupita mbele ya milango yao saa ileile, ndoo za jirani zikibadilishwa wakiona, na mmoja wenu abaki na ndoo moja safi ya akiba kwa siku watakapoiulizia.